Kuzimua Uchafu Si Kuusafisha

Iko imani moja iliyoenea mno mijini, nayo ni kwamba mvua kubwa ikisha kunyesha, mji umeoga. Vumbi limelala, takataka zimekwenda na maji, na ile harufu iliyokuwa ikiwakera watu wiki nzima imetoweka. Mtu hutoka nje asubuhi, akavuta pumzi, akasema: alhamdulillahi, leo mji umetakata. Hatuna nia ya kumnyima mtu huyo furaha yake. Lakini yatupasa tumwulize swali moja tu: uchafu huo umekwenda wapi, na umewafikia watu gani?

Swali hili si la mzaha. Tarehe 30 Julai 2024 wanariadha waliokwenda Paris kushindana katika mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia waliambiwa, saa chache kabla ya kuanza, kwamba wanaume hawataingia mtoni siku hiyo. Mvua ilikuwa imenyesha tarehe 26 na 27, hata sherehe ya kufungua Michezo ya Olimpiki ililowa chapachapa. Wapimaji waliyachota maji ya mto Seine, wakayapima, wakaona kwamba hayafai mwili wa binadamu. Mashindano yakaahirishwa hadi tarehe 31.

Wasomaji wetu wafikiri jambo hilo. Ufaransa ilikuwa imetumia kiasi cha yuro bilioni 1.4 ili mto huo, ambao watu walikatazwa kuogelea tangu mwaka 1923, upate kuogelewa tena. Karibu na kituo cha reli cha Austerlitz lilichimbwa tangi kubwa lenye kuchukua mita za ujazo 50,000 za maji, ili mvua ikija maji yawekwe humo badala ya kumwagwa mtoni. Meya wa mji, Bibi Anne Hidalgo, alikuwa ameingia mwenyewe majini tarehe 17 Julai, mbele ya waandishi wa habari, ili watu waamini. Mto ulikuwa uleule na mji uleule. Kilichoingia kati ni siku mbili za mvua.

Na mwaka uliofuata jambo likajirudia. Tarehe 5 Julai 2025 mahali pa kuogelea palifunguliwa kwa umma mtoni Seine, watu wakashangilia. Mvua ikanyesha, na siku ya pili yake wakaambiwa wangoje nje.

Leo basi twataka kueleza, kwa lugha ya kila mtu, ni kwa njia gani mvua, ambayo hushuka ikiwa maji safi kuliko mengi tuliyo nayo, huyageuza maji machafu ya mji yakawa hatari kuliko yalivyokuwa. Na twataka kutoa hukumu yetu pasipo kuificha. Twasema kwamba kuzimua uchafu si kuusafisha. Na kwamba wakubwa wa mji wanaopima uchafu kwa kikombe kimoja, bila ya kuuliza mzigo wote ni kiasi gani, hujidanganya wenyewe na huwadanganya watu wao.

Kwanza yafaa tuelewe mabomba yenyewe. Miji mingi mikubwa ya Ulaya na ya Amerika, iliyokua katika karne ya kumi na tisa, ilijengewa bomba moja chini ya barabara kwa ajili ya kazi mbili. Bomba hilo hupokea maji ya vyoo, ya majiko na ya viwanda; na hilohilo hupokea maji ya mvua kutoka mapaani na barabarani. Haya ndiyo mabomba ya pamoja. Wajenzi wa zamani hawakuwa wapumbavu. Bomba moja lilikuwa rahisi kuliko mawili, na walitumaini kwamba mvua ingesaidia kuusukuma uchafu mbele.

London ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Hadi mwaka 1815 ilikuwa marufuku mjini humo kupeleka kinyesi cha nyumba katika mifereji ya mvua. Kinyesi kiliwekwa mashimoni, kikachukuliwa na watu wa kazi hiyo. Kisha marufuku ikaondolewa, vyoo vya maji vikaenea, na mifereji iliyochimbwa kwa ajili ya mvua ikawa mifereji ya kila kitu. Yote ikamiminika katika mto Thames, na mto huohuo ndio uliokuwa ukinywewa na watu wengi. Kipindupindu cha mwaka 1848 na 1849 kiliua watu zaidi ya 14,000 katika London peke yake. Kile cha mwaka 1853 na 1854 kikaua wengine zaidi ya 10,000.

Katika kiangazi cha mwaka 1858 joto lilikuwa kali, na uvundo wa mto ukaingia hadi ndani ya Bunge. Hapo ndipo Bunge lilipoona haraka ya jambo ambalo maskini walikuwa wakiliona kwa miaka mingi. Fedha zikatolewa, na mhandisi Joseph Bazalgette akaanza mwaka 1859 kujenga mabomba makuu ya urefu wa kilomita kama 130, yaliyoukingama uchafu kabla haujaingia mtoni na kuupeleka mashariki, mbali na mji. Kazi yake iliokoa maisha ya watu wasiohesabika. Mwaka 1866 kipindupindu kiliporudi, kilishika hasa upande wa mashariki ambako mabomba mapya yalikuwa hayajaanza kazi kamili.

Walakini Bazalgette alilijua jambo moja ambalo wengi walilisahau baadaye. Alijua kwamba siku ya mvua kubwa bomba halitatosha. Kwa hiyo aliacha milango ya dharura. Ndani ya bomba huwekwa kizingiti. Maji yakipanda juu yake hufurika na kutokea mtoni. Lau milango hiyo isingekuwapo, maji yangerudi nyuma na kuchomoza vyooni na vyumbani mwa watu. Ilikuwa ni hesabu ya haki kwa wakati wake: mara chache kwa mwaka mto uchafuke, nyumba zipone. Lakini alijenga kwa ajili ya watu kama milioni 4, na leo London ina watu wapatao milioni 9. Aidha, bustani nyingi zimefunikwa kwa saruji na lami, hata tone la mvua halina pa kuzama. Mlango wa dharura ukawa mlango wa kila siku.

Sasa na tufanye hesabu ndogo, maana pasipo hesabu maneno haya yataonekana kama hadithi. Tuchukue mtaa wa hekta 100 wenye watu 10,000. Kila mtu akitumia lita 150 kwa siku, mtaa mzima hutoa lita milioni 1.5 za maji machafu kwa siku, yaani kama lita 62,500 kwa saa. Halafu inyeshe mvua ya milimita 10 kwa muda wa saa moja. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi juu ya mtaa huo zitaanguka lita milioni 10. Tuseme nusu yake inazama ardhini au inabaki majanini, na nusu inaingia bombani. Hizo ni lita milioni 5 katika saa moja: mara 80 ya maji ya vyoo na majiko ya saa hiyohiyo.

Hakuna mtambo wa kusafishia maji unaojengwa ili upokee mara 80. Kwa desturi ya Uingereza mtambo husafisha kikamilifu takriban mara tatu ya maji ya siku kavu, na vizingiti vingi vya zamani vilipangwa vianze kufurika yakifika mara sita. Yanayozidi hayana njia isipokuwa mto.

Hapa ndipo mtetezi wa zamani husimama na kusema: "Vema, lakini maji hayo yamezimuliwa mara 80; yamekuwa karibu maji matupu." Maneno hayo yana sura ya akili, na kwa sababu hiyo yamedumu miaka mingi. Tuyachunguze basi.

Kosa lake la kwanza ni kudhani kwamba bomba lilikuwa tupu kabla ya mvua. Siku za jua maji bombani ni machache na huenda polepole. Kila kilicho kizito hutua chini: mchanga, makaratasi, mafuta ya majikoni yaliyoganda, na kinyesi. Kadiri siku za ukavu zinavyoendelea, ndivyo mashapo hayo yanavyozidi kurundikana, na ute wa vijidudu huota juu ya kuta za bomba. Huku juu nako barabara na mapaa hukusanya yao: masizi ya magari, unga wa matairi, mafuta ya injini, zinki ya mabati, mavi ya wanyama na ya ndege.

Mvua ya kwanza ikianguka, maji huja kwa nguvu, huyachimbua mashapo yote kutoka sakafuni mwa bomba na kuyabeba kwa pamoja, yakichanganyika na ufagio wa barabarani. Huo ndio tunaoweza kuuita mkumbo wa kwanza. Katika dakika hizo maji ya bomba hayawi mepesi. Mara nyingi huwa mazito kuliko yalivyokuwa siku ya jua. Uchafu wa wiki mbili hupita kwa muda wa robo saa. Ndiyo sababu mvua ndogo iliyokuja baada ya kiangazi kirefu yaweza kuuumiza mto kuliko mvua kubwa iliyofuata nyingine ya jana yake. Ya pili imekuta bomba limekwisha kufagiwa. Si kila mji wala si kila mvua ambapo mkumbo huo huonekana wazi, kwa kuwa katika mji mkubwa maji ya mitaa ya mbali huchelewa kufika na kuchanganyika na ya karibu. Lakini mahali unapotokea, ndio wenye madhara makubwa.

Baada ya mkumbo kupita, ni kweli kwamba uzimuaji huanza. Amonia, ambayo hutoka hasa katika mikojo, hupungua katika kila lita, na chumvichumvi hupungua pia. Mpimaji akija wakati huu na kikombe chake ataandika kwamba maji ni afadhali. Na hapa lipo kosa la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza: kikombe hakijui mto umepokea vikombe vingapi. Kila mpishi anajua kwamba mchuzi uliozidi chumvi, ukiutia maji, ukali hupungua ulimini, lakini chumvi haikutoka chunguni. Atakayeunywa mchuzi wote ataimeza chumvi yote. Nao mto huunywa mchuzi wote.

Kosa la tatu linahusu vijidudu. Maji mabichi ya choo huwa na bakteria wa koli, wale watokao matumboni mwa watu na wanyama, kati ya milioni moja na milioni kumi katika kila mililita 100. Tuseme ni milioni 8. Tuyazimue mara 80, kama katika mtaa wetu wa mfano. Watabaki 100,000. Kipimo cha Ulaya kwa mito na maziwa ya kuogelea, ili maji yahesabiwe kuwa yanatosha, ni 900. Maji yetu "karibu matupu" yamezidi kipimo hicho mara mia na zaidi! Ni kweli mto nao utayazimua tena. Lakini yatokapo matundu kumi na matano kwa saa moja, mto huo utapata wapi maji safi ya kuzimulia? Hayo ndiyo yaliyowakuta wanariadha wa Paris.

Yako na madhara mengine yasiyoonekana kwa macho. Uchafu unaooza majini hula hewa ya oksijeni ambayo samaki huivuta. Maji ya joto hushika oksijeni kidogo, kwa hiyo ngurumo za kiangazi ndizo mbaya kuliko zote: mto una hewa haba, na mara shehena ya uchafu inaingia. Mwezi wa Agosti mwaka 2004 mvua kubwa iliangukia London, na malaki ya tani za maji machafu yakaingia Thames kwa muda mfupi. Samaki walielea juu kwa maelfu, wamekufa kwa kukosa pumzi. Kwa miaka mingi mto huo umekuwa na mashua maalumu za kupuliza oksijeni majini baada ya mafuriko ya mabomba, kama vile mgonjwa anavyowekewa hewa hospitalini. Mji tajiri ukafikia kuuweka mto wake katika kitanda cha wagonjwa mahututi, badala ya kuacha kuupa sumu.

Mtambo wa kusafishia nao huumia. Kazi yake kubwa hufanywa na vijidudu hai vinavyokula uchafu ndani ya matangi. Mvua ikiingia kwa wingi, maji hupita upesi mno, chakula chao hupungua, baridi huwapata, na tope lao laweza kusombwa na kutolewa nje. Mvua ikisha kukatika, mtambo huhitaji muda kuirudia nguvu yake ya kwanza. Madhara ya mvua ya Jumatatu yaweza kuonekana bado siku ya Jumatano, jua likiwaka na watu wamekwisha sahau.

Twajua kwamba wako watakaosema: kama ni hivyo, basi upelekeni uchafu mbali zaidi. Dawa hiyo imekwisha jaribiwa, na matokeo yake yameandikwa. Mabomba ya Bazalgette yalipeleka uchafu wa London hadi Barking na Crossness, yakaumwaga mtoni bila ya kusafishwa. Tarehe 3 Septemba 1878 meli ya matembezi iitwayo Princess Alice, imejaa watu waliokuwa wakirudi kutoka mapumziko yao, iligongwa na meli nyingine karibu na hapo na kuzama. Ilikuwa muda mfupi tu tangu uchafu kufunguliwa. Watu zaidi ya 600 walikufa, na katika mashauri yaliyofuata uchafu wa maji yale ulitajwa sana. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba "mbali" si mahali patupu. Mbali ni kwa watu wengine. Baada ya hapo tope likaanza kutenganishwa na kupakiwa melini likatupwe baharini, na kazi hiyo ya kutupa baharini haikukoma hata mwaka 1998.

Na sasa London imechimba tena. Kabla ya mahandaki mapya, Thames ilikuwa ikipokea kiasi cha tani milioni 39 za maji machafu yaliyochanganyika na mvua katika mwaka wa kawaida, na milimita chache tu za mvua zilitosha kufungulia baadhi ya milango. Mwaka 2012 Mahakama ya Ulaya ilihukumu kwamba Uingereza imevunja sheria katika jambo hilo. Handaki la Lee lilianza kazi mwaka 2016. Lile kubwa zaidi la Tideway, lenye urefu wa kilomita 25 na upana wa mita zaidi ya 7, likipita chini ya mto wenyewe kutoka magharibi hadi Abbey Mills, liliunganishwa kikamilifu mwezi wa Februari 2025. Mahandaki hayo mawili huweza kushika mita za ujazo milioni 1.6, kisha maji hupigwa pampu yakasafishwe Beckton. Gharama yake ilipita pauni bilioni 4, na hulipwa kidogo kidogo katika ankara za maji za wateja.

Hatuibezi kazi hiyo. Ni kazi kubwa, na mto umeanza kupumua. Lakini twauliza: kwa nini deni la miaka 150 limelipwa na kizazi kimoja, tena kwa ankara zilezile zinazomfikia tajiri na mjane? Jibu ni kwamba kila kizazi kilichopita kiliutazama mto baada ya mvua, kikajiambia kwamba uchafu umezimuliwa.

Na kujiambia huko hakujakwisha. Nchini Uingereza, ambako huduma za maji ziliuzwa kwa makampuni mwaka 1989, milango yote ya kufurikia ilikuwa imewekewa vipimo kufikia mwisho wa mwaka 2023. Vipimo hivyo vilionyesha kwamba katika mwaka huo milango ilimwaga maji kwa muda wa saa milioni 3.6. Wananchi walighadhibika, na walikuwa na haki. Walakini tazameni kipimo chenyewe. Chasema mlango ulikuwa wazi kwa saa ngapi. Hakisemi yalitoka maji kiasi gani, wala yalikuwa maji ya namna gani. Robo saa ya mkumbo wa kwanza na robo saa ya maji mepesi ya mwisho wa mvua huandikwa sawasawa katika daftari hilo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2021 imeagiza kwamba hali ya maji ya mto ipimwe juu na chini ya milango hiyo. Hiyo ndiyo njia ya haki, na twasema kwamba ifuatwe bila ya visingizio. Kwa maana mwizi anayehesabiwa saa alizokaa ndani ya nyumba, bila ya kuulizwa alichochukua, atajifunza kuiba upesi tu. Mwezi wa Mei 2025 msimamizi wa huduma za maji wa nchi hiyo aliitoza kampuni ya Thames Water faini ya pauni milioni 122.7, na sehemu kubwa ya faini hiyo ilihusu maji machafu. Faini ni adhabu, lakini si mtambo wa kusafishia.

Dawa iko wapi basi? Sisi twaona kwamba ni bora kulizuia tone la mvua kabla halijaingia bombani kuliko kulichimbia handaki likisha ingia. Mji wa Philadelphia, Marekani, ulianza mwaka 2011 mpango wa miaka 25 wa kuigeuza sehemu ya ardhi yake ngumu iweze tena kunywa mvua: miti kandokando ya barabara, bustani zilizo chini kidogo ya njia ili maji yatulie humo, na viwanja vyenye sakafu ipitishayo maji. Kila lita iliyozama ardhini ni lita isiyofurika kizingitini. Njia hii haiwezi peke yake kuumeza mvua wa gharika, na matangi bado yatahitajika. Lakini hupunguza ukubwa wa tangi, na huacha kivuli kwa wapita njia.

Kujenga mabomba mawili, moja la mvua na moja la vyoo, nako ni kuzuri, hasa kwa mji unaojengwa upya. Ila tusidanganyike kwamba bomba la mvua ni safi. Hubeba masizi, mafuta na takataka za barabarani, na hupeleka yote mtoni moja kwa moja. Tena nyumba chache zikiunganisha vyoo vyake kwa siri katika bomba la mvua, yote yaliyojengwa kwa gharama huharibika. Mabomba mawili pasipo wakaguzi ni bomba moja lenye bei mbili.

Wasomaji wetu watatuuliza: hayo ya Thames na Seine yatuhusu nini sisi? Ni kweli kwamba katika miji yetu watu wengi hawana bomba la pamoja wala la namna nyingine. Wana mashimo ya choo. Lakini ile imani tuliyoanza nayo tunayo sisi pia. Ni nani katika Dar es Salaam asiyejua neno kutapisha choo? Mvua kubwa inapoanza, usiku, tundu la shimo hufunguliwa na kinyesi huachiwa katika maji yapitayo uchochoroni. Anayefanya hivyo hujiambia neno lilelile walilojiambia wakubwa wa London: maji ni mengi, yatazimua, yatachukua. Na kweli huchukua, hadi mlangoni pa jirani wa bondeni, hadi katika kisima chake, hadi miguuni pa watoto wachezao katika madimbwi asubuhi.

Hatumlaumu sana mtu huyo kama hana gari la kunyonya linaloweza kupita uchochoroni kwake, au kama bei yake inashinda mshahara wake. Mji usiompa mtu njia ya haki ya kumaliza uchafu wake umemfundisha kungoja mvua. Lakini twamwambia, na twawaambia wakubwa wa mji pamoja naye, kwamba hesabu ya vijidudu haibadiliki kwa kuwa shimo ni dogo na mto ni wa jirani.

Miji yetu bado inajengwa. Kila mwaka barabara mpya zinatiwa lami, viwanja vinasakafiwa, na mitaro inachimbwa. Twayo bahati ambayo Bazalgette hakuwa nayo: kuchagua tukijua. Kila mtaro unapochorwa, na tuulize mambo matatu kabla ya saruji kukorogwa. Mvua ya hapa itazama wapi? Maji ya vyoo yatapita njia gani, na nani atakagua yasichanganyike? Na siku ya mvua kubwa, wakati wa mkumbo wa kwanza, yatamfikia nani?

Mhandisi asiyeweza kulijibu swali la tatu arudishwe mezani kwake akachore upya. Kwa maana yuko mtu anayekaa chini ya kila mtaro, na yeye mvua ikinyesha hasemi kwamba mji umeoga.